Makanisa ya karatasi za pipi: Historia ya pango la Noeli la Kraków

Kila Alhamisi ya kwanza ya Desemba, wakazi wa Kraków, kusini mwa Poland, hufika katika uwanja mkuu wa mji wao wakiwa wamebeba makanisa. Mengine yanamzidi mtu kimo, yanahitaji watu kadhaa kuyainua. Mengine yanaenea kiganjani. Yote yana minara, kuba za dhahabu na madirisha ya rangi, na katikati yake amelazwa Mtoto Yesu. Ukisogea karibu ndipo unapotambua kuwa dhahabu ile ni karatasi iliyofungia chokoleti, na chini yake kuta ni maboksi na fito za mbao.

Makanisa hayo ndiyo mapango ya Noeli ya Kraków, na kwa Kipoland pango la namna hiyo huitwa szopka. Limeanzia mikononi mwa watu waliokuwa hawana kazi, na leo ni urithi unaotambuliwa duniani kote. Safari hiyo inafaa kusimuliwa kwetu, kwa kuwa vifaa vyake tunavyo majumbani na kila wiki tunavitupa.

Mizizi yake ya mbali iko Italia. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa hori, nyasi, ng'ombe na punda ili waumini wauone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Yesu. Watawa wake waliieneza desturi ya pango Ulaya, ikafika hadi Poland. Huko sanamu zikaanza kuchezeshwa kama vikaragosi, na habari ya Bethlehemu ikachanganywa na wahusika wa mitaani na vichekesho vyao. Vicheko vilipozidi kanisani, katika karne ya 18 viongozi wa Kanisa walivipiga marufuku vikaragosi hivyo. Vikatoka nje, vikaingia mitaani na majumbani, na huko vikapata maisha marefu kuliko yale viliyokuwa nayo ndani ya kanisa.

Katika karne ya 19 waliovipokea Kraków walikuwa waashi na mafundi wengine wa ujenzi kutoka vitongoji kama Zwierzyniec na Krowodrza. Baridi ya Poland hugandisha maji, na chokaa haishiki tofali. Ujenzi ukisimama, na ujira nao unasimama. Mafundi hao wakakaa nyumbani na familia zao, wakafanya ile kazi pekee waliyoijua: wakajenga, ila sasa kwa maboksi, vibao na karatasi za kung'aa. Msimu wa Krismasi ulipofika, walilibeba pango nyumba hadi nyumba. Ghorofa ya chini ilikuwa jukwaa dogo la vikaragosi ambapo Mfalme Herode alikutana na Kifo na Shetani. Juu yake ilikaa Familia Takatifu. Mchezo ukiisha, wenye nyumba walitoa sarafu. Mapango madogo yasiyo na jukwaa yaliuzwa uwanjani, watu wakayaweka nyumbani chini ya mti wa Krismasi.

Jambo linaloitofautisha kazi ya Kraków na mapango mengine ni jengo lenyewe. Injili inataja hori la wanyama, lakini mafundi hawa walimweka Yesu ndani ya mji wao. Minara waliichukua kwenye kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo mnara wake mmoja una mita 82 na wa pili 69, na mrefu huo umevishwa taji. Kuba ya dhahabu waliitoa kwenye kikanisa cha Mfalme Sigismund kilichoko Wawel, kilima walikozikwa wafalme wa Poland. Kuanzia 1795 hadi 1918 Poland haikuwapo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria ziligawana ardhi yake. Kwa watu wasio na nchi, kupitisha mitaani kanisa la wafalme wao lililojengwa kwa karatasi ilikuwa namna ya kusema kwamba bado wapo.

Fundi anayekumbukwa kuliko wote wa enzi hiyo ni Michał Ezenekier, mwashi na fundi wa vigae kutoka Krowodrza. Pango alilolijenga mwishoni mwa karne ya 19, lenye ghorofa na minara iliyopangwa kwa ulinganifu, lilikuwa kielelezo kwa waliomfuata. Bado lipo, katika Makumbusho ya Ethnografia ya Kraków.

Ustadi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi huanza na kiunzi cha fito nyembamba, kisha hukata kuta kwa kadibodi. Karatasi ya chokoleti huja ikiwa imekunjamana, kwa hiyo huilaza juu ya meza na kuinyoosha kwa ukucha taratibu, kwa sababu ikichanika imeharibika. Ikishanyooka, huikata vipande na kukibandika kila kimoja mahali pake. Akitaka nguzo, huizungushia kijiti. Akitaka paa la vigae, huikunja mikunjo midogo midogo iliyopangana. Dirisha hutobolewa kwenye kadibodi na kuzibwa kwa nyuma kwa karatasi angavu ya rangi, ili taa ikiwashwa ndani mwanga utoke mwekundu, kijani au buluu. Pango kubwa huchukua miezi mingi kukamilika.

Ukiiangalia kazi hiyo kwa jicho la fundi, utaona kuwa umaskini wa vifaa ndio ulioipa uzuri wake. Kitu cha kubebwa mlango hadi mlango juu ya theluji lazima kiwe chepesi. Kitu cha kutazamwa kwa mshumaa lazima kirudishe mwanga, na karatasi iliyokunjwa huurudisha kwa pembe nyingi kuliko bati lililonyooka. Mwenye dhahabu halisi asingeweza kufanya hivi. Ingekuwa nzito na ya kuogopwa. Karatasi ya pipi ilimpa fundi uhuru wa kujaribu tena na tena.

Hata hivyo ustadi peke yake hauilindi desturi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikatiza mizunguko ya nyumba kwa nyumba, na miaka iliyofuata wajenzi wakapungua. Hapo ndipo alipojitokeza Jerzy Dobrzycki, mpenzi mkubwa wa historia ya Kraków. Hakuandika maombolezo. Alianzisha shindano, na Desemba 1937 mafundi wakaitwa kuleta mapango yao kwenye ngazi za sanamu ya mshairi Adam Mickiewicz, katikati ya uwanja mkuu, yatazamwe na kupewa tuzo.

Miaka miwili baadaye Ujerumani iliivamia Poland. Mwaka 1940 wavamizi waliivunja sanamu ya Mickiewicz, na shindano likasimama kwa kipindi chote cha vita. Vita vilipokwisha mwaka 1945, shindano lilirudi mwaka uleule, kabla mji haujairudisha sanamu yenyewe, iliyosimamishwa upya mwaka 1955.

Tangu miaka hiyo ya baada ya vita, makumbusho ya historia ya mji ndiyo yanayolisimamia shindano. Mapango hupangwa kwa ukubwa, na yale madogo kabisa hayazidi sentimita 15. Watoto na vijana wana nafasi yao. Tarumbeta ya saa sita mchana ikishalia kutoka mnara wa Mtakatifu Maria, mafundi huandamana hadi makumbusho, mapango yakaoneshwa kwa wiki kadhaa, na baadhi hununuliwa yahifadhiwe. Ufundi hupita kutoka kwa babu hadi mjukuu ndani ya familia moja. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza kazi hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikiwa ya kwanza kutoka Poland kufika katika orodha hiyo.

Somo ninaloliona hapa linatuhusu. Mafundi wa kugeuza takataka kuwa vitu vizuri hatujawahi kuwakosa. Watoto wetu hutengeneza magari ya waya na maboksi, mafundi wa jua kali hugeuza makopo kuwa koroboi, na kina mama wa Uganda husokota karatasi za magazeti kuwa shanga. Lakini kazi hizo ama tunaziita michezo ya watoto, ama tunamuuzia mgeni. Karatasi za pipi za Kraków zilipata heshima pale mji ulipozitengea siku, mahali na majaji, kisha ukakubali kuziweka makumbusho kando ya vitu vya thamani.

Jambo hilo linawezekana katika parokia au shule yoyote ya kwetu, na gharama yake ni ndogo. Dominika ya kwanza ya Majilio, baada ya Misa, meza zipangwe nje. Masharti yawe mawili. La kwanza, vifaa vyote vitoke nyumbani: boksi la sabuni, karatasi ya pipi, mfuko wa saruji, kifuniko cha soda. La pili, pango lifanane na jengo la kwetu: Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam, la Roho Mtakatifu la Mombasa, kanisa la kale la Bagamoyo, au kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa Zanzibar. Mshindi atunzwe, na kazi yake ibaki parokiani ili watakaokuja mwaka unaofuata wapate cha kukizidi.

Sharti hilo la pili ndilo lenye faida kubwa zaidi. Mtoto anayetakiwa kulijenga kanisa la mji wake kwa boksi la sabuni atalazimika kwanza kwenda kulitazama: ahesabu madirisha, apime mnara kwa macho, aulize nani alilijenga na lini. Historia ambayo hatujafaulu kumfundisha darasani ataianza mwenyewe, akiwa na mkasi mkononi.