Pampu ya mafuta kwa gari la EFI: ya ndani ya tangi au ya nje?

Wadau, hili nimelilipia mwenyewe. Oktoba moja, jua la Tabora mnalijua, natoka Sikonge na mama mdogo awahi treni ya Kigoma. Asubuhi gari liliwaka vizuri tu. Saa saba mchana likaanza kukohoa, likazima. Tukakaa kivulini karibu saa nzima, likawaka tena, mbele kidogo likazima. Treni ikamwacha. Wapagazi wa zamani toka Bagamoyo hadi Ujiji walitegemea miguu tu, nadhani walifika kwa uhakika kuliko mimi siku ile.

Kisa ni hiki: pampu ya ndani ya tangi ilikufa, fundi mmoja akanifungia ya nje, akaibana juu ya fremu karibu na eksozi. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma, kuvuta hazijui. Zikiwekwa juu kuliko tangi, petroli yenye joto inageuka mvuke kwenye mpira wa kuvutia, pampu inabaki kuzungusha hewa.

Ya ndani inakaa kwenye petroli, inapozwa nayo, haipigi kelele. Kama gari lako lilitoka kiwandani na ya ndani, rudishia ya ndani. Ya nje ifunge ikibidi tu: chini kuliko usawa wa tangi, karibu nalo, mbali na eksozi, mpira wa kuvutia uwe mnene.

Halafu presha. Pampu ya umeme ya gari la kabureta hutoa chini ya nusu baa, nozeli hazitaki hiyo. Injini ya 1NZ-FE iliyojaa kwenye IST inataka kama baa 3 hadi 3.4. Kwa wingi wa mafuta, injini ya farasi 110 ikikanyagwa mpaka mwisho hula lita 35 hivi kwa saa, kwa hiyo pampu ya lita 80 kwa saa kwenye baa 3 inatosha na chenji inabaki. Ile kubwa ya magari ya mashindano inakula umeme na kuchemsha petroli bure.

Wenye D-4 msichanganyikiwe: ya kwenye tangi inalisha tu, presha kubwa inatoka kwa pampu nyingine inayoendeshwa na injini. Huko usipeleke geji ya kawaida, utaumia.

Kabla ya kununua pima kwanza fyuzi, rilei na umeme unaofika kwenye pampu, na angalia chujio la ndani ya tangi. Vumbi letu na mafuta ya madumu huliziba, pampu ikasingiziwa. Na jamani, msitembee na taa ya mafuta inawaka kila siku. Robo tangi ndiyo inayoipoza pampu.

Mimi nimerudishia ya ndani. Mama mdogo bado anapanda basi.