Hesabu ya Samaki wa Diani

Wavuvi wa miambani kuanzia Diani hadi Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya, hutumia malema, mishipi na nyavu, na wamelitumia pia juya, kwa ubishi mkubwa. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilipotangaza hifadhi ya bahari ya Diani-Chale, wavuvi waliipinga. Miaka hiyohiyo watafiti, Tim McClanahan akiwa mmoja wao, walikuwa wakipima samaki wanaoteremshwa katika bandari ndogo kama Mwaepe na Mvuleni: tafi, pono, changu, na kuandika chombo kilichotumika na idadi ya wavuvi.

Kanuni ya kusomea takwimu za namna hiyo ilikuwapo tangu 1954, ilipotungwa na Milner Schaefer. Wavuvi wakiongezeka, mavuno hupanda hadi kileleni, kisha hushuka. Mchoro wake ni mkunjo, na mkunjo ni mgumu kukokotoa kwa kalamu. Kwa hiyo wataalamu waligawanya mavuno kwa juhudi za uvuvi ili wapate mstari mnyoofu wa kuchorwa kwa rula. Njia hiyo ya mkato ilidai kwamba kila mwaka samaki wa baharini wamekwisha kutulia kulingana na uvuvi wa mwaka huo. Hawatulii upesi hivyo, na ndiyo sababu kilele mara nyingi kilionekana kirefu kuliko kilivyo.

Lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka 1979. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Excel ilipata Solver, zana ya kutafuta thamani zinazofaa zaidi, iliyojengwa juu ya kazi ya Leon Lasdon na Allan Waren, na rula ikawekwa kando. Safu moja hubeba miaka, nyingine mavuno, nyingine juhudi, na ya nne makadirio ya samaki waliobaki. Seli tatu hushika kasi ya kuzaana, wingi ambao mwamba unaweza kuubeba na urahisi wa kuvuliwa. Solver huzibadilisha hadi jumla ya miraba ya makosa, yaani tofauti kati ya makadirio na takwimu zilizopimwa, iwe ndogo kabisa. Ikianzia mahali pabaya hunasa katika bonde la karibu, si lile la chini kabisa, na kutangaza ushindi, hivyo makadirio ya mwanzo hubadilishwa mara kadhaa.

Diani ina tatizo jingine: lema moja hunasa aina nyingi, na mkunjo wa jumla huficha ile inayokwisha. Kwa upande wa vyombo vya uvuvi, juya lilipigwa marufuku 2001. Baadaye, katika pwani ya Kenya, yakajaribiwa malema yenye mwanya wa kupitisha samaki wadogo. Waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi.