Mtu ni Afya: Darasa la Watu Milioni Mbili

Mwaka 1973, katika vijiji vya Tanzania, watu wazima walikuwa wakikutana kila wiki kuzunguka redio. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Iliendeshwa kwa wiki 12 na kuwavuta watu wapatao milioni mbili.

Kipindi cha Redio Tanzania kilifungua mazungumzo tu. Kikiisha, ajuaye kusoma aliwasomea wenzake kijitabu, kisha mjadala ukaanza: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Kikundi kiliamua chenyewe cha kufanya. Wengine walifyeka vichaka na kufukia madimbwi. Wengi walichimba vyoo.

Mpango huo ulijengwa juu ya nadharia: mtu mzima haji darasani mikono mitupu, na somo humkaa likianzia kwenye maisha yake. Katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, Mwalimu Nyerere alikwisha kuilaumu shule ya kikoloni kwa kuwafanya vijana waone maarifa yamo vitabuni tu, si kwa wazee wao. Paulo Freire wa Brazil, aliyefika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipinga ufundishaji unaomfanya mwanafunzi kuwa benki ya kuwekewa akiba na mwalimu.

Kisomo cha ngumbaru nacho kilikuwa kimeshika njia hiyo. Kuanzia 1968, mradi wa UNESCO wenye makao Mwanza ulijaribu kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa habari za pamba.

Kazi ngumu ilikuwa kuwapata viongozi wa vikundi. Watu wapatao 75,000 walipewa mafunzo ya kuuliza na kusikiliza badala ya kuhutubia.

Hata hivyo, mada zilipangwa Dar es Salaam. Wanakijiji walijadili kwa uhuru, lakini walijadili walichochaguliwa. Ndani ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoratibu kampeni hiyo, swali la nani huchagua liliwageukia watafiti wenyewe, akiwemo Mkanada Budd Hall: kwa nini mwanakijiji awe wa kuhojiwa tu, matokeo yakaishie ofisini? Wakaanza kuwashirikisha wanavijiji katika kuuliza na kuchambua, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha, utafiti shirikishi ulikuwa na mtandao wa wafuasi katika mabara kadhaa.