Ndizi za Daktari Haas na Hii Stori ya Chakula Kibichi

Kila Januari kuna msee anagundua upya kwamba moto ni adui. Unafungua simu unampata amesimama kwa jikoni safi kuliko wodi, blenda mkononi, anakuambia ugali ndio ulikumaliza na sufuria ilikuwa inamsaidia. Wiki moja hivi mbogi nzima iko kwa karoti na kabeji mbichi. Ikifika Februari wako kibandani na chapo madondo, na hakuna anayemuuliza mwenzake.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili lakini kusoma sikuacha, na hii stori nimeisoma mpaka saa nane usiku kwa sababu tumbo langu limo ndani. Pia mnaniuliza sana. Sasa wacha tuanzie mbali, maana wanaotuuzia hii kitu wanaongea kana kwamba ilizaliwa juzi.

Twende Uswisi, mwisho wa karne ya 19. Kuna daktari kijana pale Zürich anaitwa Maximilian Bircher-Benner. Stori inayosimuliwa juu yake ni kwamba aliugua ule ugonjwa wa manjano, wa macho kugeuka rangi, chakula kikawa hakishuki, mpaka akala vipande vya tofaa bichi akapata nafuu. Hapo akaamini kwamba mmea mbichi umebeba nguvu ya jua na kwamba kuupika ni kuiua hiyo nguvu. Madaktari wenzake hawakumchukua serious. Kumbuka enzi hizo huko kwao nyama na mkate mweupe ndiyo ilikuwa heshima, mboga na matunda ni vitu vya pembeni. Mwaka wa 1904 akafungua kliniki yake juu ya mji. Wagonjwa, wengi watu wa pesa zao, walilala mapema, wakaamka mapema, wakatembea, wakalima bustani, na wakala bakuli la shayiri iliyolowekwa, tofaa lililokwaruzwa na maganda yake, njugu na limau. Ndiyo, ile muesli unayoiona supamaketi na bei yake ya kukufanya uirudishe rafu.

Jamaa alikuwa sawa nusu. Neno vitamini lenyewe lilikuja 1912, kwa hivyo alikuwa anasukuma watu wale matunda kabla sayansi haijajua kwa nini. Lakini cheki hii: bakuli lake la asili lilikuwa na maziwa mazito ya mkebe, yaliyopikwa kiwandani. Maziwa mabichi ya wakati huo yangeweza kukupa kifua kikuu. Yaani hata baba wa chakula kibichi alijua mahali pa kuheshimu moto.

Baada yake kuna watu wengi siwezi kuwamaliza, lakini mmoja ni lazima. Ann Wigmore, mzaliwa wa Lithuania, aliyeishi Boston, Marekani. Ile juisi ya majani ya ngano, ya kijani kama rangi ya ukuta wa shule, ni yeye aliyeipa jina duniani. Alifundisha kwamba chakula hai kina vimeng'enya ambavyo mwili unavihitaji na moto unaviua. Ni kweli moto unaviharibu. Ila vimeng'enya ni protini, na tumbo lako lina asidi. Vingi vinasagwa humo kama protini ya yai au ya ndengu. Shida kubwa haikuwa hapo. Mwaka wa 1982 mwanasheria mkuu wa jimbo la Massachusetts alimshtaki kwa sababu alidai programu yake inaweza kumpunguzia mgonjwa wa kisukari haja ya insulini, au kuiondoa kabisa. Mwaka wa 1988 akashtakiwa tena, safari hii kwa madai kuhusu Ukimwi. Soma tena hizo tarehe, halafu nenda kaangalie ni nini kinauzwa kwa DM wiki hii.

Sasa tufike kwa ile nayoipenda zaidi.

New York, 1924. Daktari wa watoto anaitwa Sidney Haas ana wagonjwa wadogo wenye seliaki. Watoto tumbo limevimba kama ngoma, mikono na miguu vijiti, wanaharisha bila kukoma. Wengi walikuwa wanakufa na hakuna aliyejua sababu. Haas akaandika kuhusu watoto kumi. Wanane aliwapa dayati ya ndizi mbivu, nyingi kila siku, na akawakataza mkate, viazi na nafaka. Wanane wakapona. Wawili ambao hawakupewa ndizi wakafa. Fikiria wewe ni mzazi mwaka huo! Ungenunua ndizi au hungenunua? Dayati ikasambaa na ikaokoa maisha ya watoto wengi, hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini ndizi haikuwa inafanya kitu. Kilichosaidia ni mkate kuondoka mezani. Haas aliamini ndizi ndiyo inatibu, na mtoto akishapona anaweza kurudia chakula cha kawaida. Wakarudi kwa ngano, na utumbo ukaendelea kuharibika kimyakimya.

Jibu lilitoka Uholanzi, kwa daktari wa watoto anaitwa Willem Dicke. Yeye alikuwa ameshuku ngano hata kabla ya vita. Halafu ikaja baridi ya 1944 kuingia 1945. Wajerumani walikuwa wamefunga njia, chakula kikaisha mijini, watu wakala mpaka vitunguu vya maua ya tulip, na maelfu wakafa njaa. Katikati ya hiyo balaa, watoto wa seliaki hawakuzorota vile ungetarajia. Wengine walipata nafuu, kwa sababu mkate haukuwepo. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Dicke hakukimbilia kutangaza. Alipima, akarudia, akaondoa ngano akairudisha, na mwaka wa 1950 akatoa tasnifu yake. Leo tunajua mhalifu ni gluteni.

Mimi nilipojaribu chakula kibichi, siku 21, niliweka daftari kwa sababu ya Dicke. Wiki ya kwanza gesi iliisha kabisa. Ningekuwa na haraka ningewapostia papo hapo kwamba maembe yameniponya. Lakini angalia ni vitu vingapi viliondoka siku moja: chai ya maziwa, mandazi, chapati, maharagwe, vyote. Wiki ya pili, ya saladi za kitunguu kibichi na maembe matatu kwa siku, tumbo likarudi kuwa ngoma. Hii nayo ina maelezo. Vitunguu, maembe na matofaa vina aina za sukari ambazo utumbo wa watu wengine hauzinyonyi vizuri, zinachacha huko chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walizipa jina moja mwaka wa 2005, FODMAP.

Siku 21 zikaisha nikaanza kurudisha kitu kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja. Chapati, kimya. Maharagwe yaliyoiva vizuri, kimya. Kikombe kimoja cha chai ya maziwa, na kabla ya saa moja nikajua. Maziwa lala, nusu kikombe, kimya, kwa sababu bakteria washakula sehemu ya ile laktosi. Mwaka wa 2007 watafiti walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko la jeni linalowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa. Mababu zangu nadhani walikuwa busy na jembe.

Kama unashuku ngano, usiiache kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha seliaki kinataka uwe bado unaila, la sivyo kinaweza kukudanganya. Na kama kuna chakula kinachokufunga koo au kukuvimbisha midomo, hiyo si ya daftari, nenda hospitali.

Kuhusu moto wenyewe: Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna dalili za kuungua kwa ardhi za miaka kama milioni 1.5, ingawa wanaakiolojia bado wanabishana kama ni binadamu aliyewasha. Richard Wrangham, aliyesoma sokwe miaka mingi huko Kibale, Uganda, anasema kupika ndiko kulitufanya watu. Sokwe anatafuna karibu saa sita kwa siku. Wewe unatafuna ukiwa kwa matatu. Na kuna vyakula vyetu ambavyo bila moto ni sumu: maharagwe mekundu manne au matano mabichi yanatosha kukutapisha, na mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioandikwa Congo tangu 1938. Shosho akiacha githeri motoni nusu siku hakuwa anapoteza makaa.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya mtu mmoja aliyenitumia ujumbe. Ana miaka 19, amekula vibichi tu kwa miezi minne, na hedhi imekatika. Anayemuuzia programu alimwambia ni mwili unajisafisha. Nikamtumia utafiti wa Giessen, Ujerumani, wa 1999, uliofuatilia watu zaidi ya 500 wanaokula vibichi. Kwa wanawake walio chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 hedhi ilikuwa imevurugika au imekatika kabisa, na ilikuwa mbaya zaidi kadiri uzito ulivyoshuka. Mwili hausafishi kitu hapo. Unazima vitu kwa kukosa chakula.

Alikaa siku mbili bila kujibu. Halafu akauliza kama ugali mdogo na mayai mawili ni mwanzo mzuri, na kama kliniki watamcheka. Nikamwambia mayai yawe yameiva, na kliniki nitamsindikiza kama hana mtu. Tunaenda Alhamisi.