Klasi, Darasa au Ngeli?

Siku ya kwanza ya somo la kuandika programu, mhadhiri alitaja 'klasi'. Mimi, mgeni kabisa wa kompyuta, nikaandika 'darasa' daftarini, nikapotea muhula mzima! Wazo hilo lilizaliwa Oslo, Norway. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliotaka kuiga mambo kama foleni za wateja, waliunda lugha ya Simula. Katika toleo la 1967, klasi ikawa kielelezo kimoja cha kuzalishia vitu vingi. Na klasi ndogo ilirithije sifa za kubwa? Jina la kubwa lilitangulia tangazo la ndogo, na wenyewe wakaliita kiambishi awali. Jamani! Ki- ya 'kiti' nayo hutangulia shina, ikibeba upatanisho wa kundi zima. Laiti ningeandika 'ngeli'.