Ushairi wa Kiswahili na Msomaji wa Kawaida Katika Pwani ya Kusini

Katika mwambao wa kusini wa Tanzania, unaoanzia Kilwa na kupita Lindi na Mikindani hadi kwenye mlango wa Mto Ruvuma, Kiswahili ni lugha ya wenyeji wa pwani na wakati huohuo ni lugha ya kukutania ya Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera. Mji wa Mtwara, ambao bandari yake ilijengwa ili kuhudumia mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, umekuwa makutano ya watu hao, na katika kata zake, Chuno ikiwa mojawapo, si ajabu kumkuta msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimakonde, lakini gazeti, hotuba na kitabu cha shule huvipata kwa Kiswahili. Kwa msomaji huyo, shairi lililojaa maneno ya kale ya Lamu na Mombasa, au ya Kiarabu yasiyosikika sokoni, hubaki kuwa mali ya wengine hata likisifiwa na mabingwa. Historia inaonyesha kwamba shairi humfikia mtu wa kawaida pale mtunzi anapomkubali kuwa ndiye msikilizaji wake, akamweleza ukweli kwa maneno anayoyajua. Suala la vina, ingawa limezusha mabishano makali, huja baada ya hilo.

Msimamo huu una mizizi ya zamani. Sehemu kubwa ya tungo za kale zilizohifadhiwa katika hati za Kiarabu zilihusu dini, lakini Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, anakumbukwa na wanahistoria wa fasihi kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, yaani aliutumia kuzungumzia siasa na vita vya mji wake, mapenzi, na misukosuko ya maisha ya kila siku. Alifanya hivyo bila kuacha arudhi, ambazo ni kanuni za utunzi zinazodai mpangilio wa vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mistari, pamoja na mizani, yaani idadi maalumu ya silabi katika kila mstari.

Kwa pwani ya kusini, mfano ulio karibu zaidi ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa Berlin mwaka 1933 na kutolewa upya mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Utenzi ni shairi refu la masimulizi lenye beti za vipande vinne vifupi, na umbo hilo lilimfaa mtunzi aliyetaka kusimulia vita vilivyoanza Umatumbi mwaka 1905 na kuendelea hadi 1907. Mtunzi huyo hawatukuzi wapiganaji kwa namna iliyozoeleka baada ya uhuru, na msomaji wa leo ana haki ya kutokubaliana naye; hata hivyo, kazi yake ina thamani kubwa kwa sababu inaonyesha jinsi mambo yalivyomwelea mtu wa pwani hiyo, kwa lugha ambayo jirani zake wangeweza kuifuata wakisomewa.

Katika karne hiyohiyo njia za shairi zilipanuka. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na kwa njia hiyo karani, mwalimu na mkulima waliweza kujibizana kwa beti ingawa hawakuwahi kuonana. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichowapa watunzi wapya mwongozo wa arudhi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera, ambayo ni majibizano ya kishairi yanayosemwa na wahusika mbele ya hadhira, hasa shuleni.

Mabishano yalipamba moto mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani na kutetea matumizi ya lugha ya mazungumzo. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, walioshirikiana katika Malenga wa Bara mwaka 1976, walitetea pia mashairi huru, yaani yasiyofungwa na arudhi, wakikumbusha kwamba nyimbo nyingi za jadi za Kiafrika hazikuhitaji vina ili ziitwe ushairi. Hoja hiyo ina uzito wa pekee Mtwara, mahali ambapo nyimbo za jando na unyago zimewafunza vijana wengi utu uzima. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini na mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile ya 1969, alikuwa miongoni mwa waliotangulia katika njia ya mashairi huru kwa shairi lake la “Ngoma na Vailini”.

Pande zote mbili zilidai kumtetea msomaji wa kawaida, na kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Vina na mizani humsaidia asiye na kitabu kulihifadhi shairi kichwani, ndiyo maana tungo za arudhi zilienea redioni na mikutanoni. Lakini mtunzi anayetafuta kina kwa gharama ya maana humpa msikilizaji mlio mtupu. Shairi huru humruhusu mtunzi kusema kama watu wanavyosema, lakini baadhi ya mashairi ya Kezilahabi mwenyewe, yaliyosheheni ishara na falsafa, yamewashinda hata wanafunzi wa vyuo vikuu. Kwa hiyo umbo peke yake halifungui mlango wala kuufunga.

Tangu mwaka 2014 Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein imewapa washairi wa Kiswahili jukwaa jipya, na mashairi ya washindani yamechapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Juhudi hiyo inastahili kuungwa mkono na shule, maktaba na redio za kusini, kwa kuyasoma mashairi hayo kwa sauti mbele ya watu kabla ya kuyafanya maswali ya mtihani, na kwa kuwaalika vijana wa Mtwara kutunga juu ya korosho, uvuvi, gesi na mpaka wa Ruvuma kwa Kiswahili wanachokisema. Mtu akikuta maisha yake yameelezwa kwa ukweli katika ubeti anaouelewa, hahitaji kushawishiwa kwamba ushairi ni wake.