Bendi za Dansi za Miaka ya 1970 na Nafasi Zake Uchagani

Bendi za dansi zilizotamba Tanzania miaka ya 1970 zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na mtindo wenye jina lake. NUTA Jazz walipiga Msondo, Western Jazz Saboso, Atomic Jazz ya Tanga Kiweke, Tabora Jazz Segere Matata, Afro 70 Afrosa. Kuzipanga kwa ubora ni kazi yenye ubishi popote, na Moshi ubishi huo una sura yake: bendi zinazotajwa zaidi zilikuwa na makao Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Tabora. Mji wa Moshi haukuwa na bendi kubwa ya kuutia upendeleo, kwa hiyo wapenzi wake walihukumu kwa sikio.

Si kwamba mlima Kilimanjaro, ambako Moshi ipo, haukuwa na historia yake ya gitaa. Frank Humplick, aliyezaliwa Moshi mwaka 1927 na mama Mchaga na baba mzungu, alitikisa Afrika Mashariki miaka ya 1950 akiimba pamoja na dada zake. Sahani zao zilivuka mipaka kabla bendi nyingi za muongo wa 1970 hazijaundwa. Lakini ule ulikuwa muziki wa gitaa kavu na sauti tatu. Dansi la miaka ya 1970 lilikuwa la magitaa ya umeme, saksafoni na tarumbeta.

Muziki huo ulifika mlimani kwa njia mbili. Ya kwanza ni Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi studioni kwake na kuzirusha nchi nzima. Ya pili ni santuri kutoka Nairobi, maana huko ndiko kulikokuwa na viwanda vya kuzichapa. Moshi ilikuwa jirani wa Kenya kwa barabara ya Holili na kwa reli ya kupitia Taveta hadi Voi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisambaratika, Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa mpenzi wa santuri wa Rombo au Marangu, hilo lilikuwa pigo la moja kwa moja.

Tukizipanga bendi hizo kwa ubora, nafasi ya kwanza anastahili Mbaraka Mwinshehe, akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, heshima ambayo bendi chache za ukanda huu ziliipata. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga na kuunda Super Volcano. Gitaa lake la solo lilizungumza kama mtu wa pili jukwaani, na tungo zake ziligusa shida za mtu wa kawaida bila kumhubiria. Wimbo wake "Shida" ulipendwa mno Kenya na Tanzania. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34, na pengo lake halikuzibwa.

NUTA Jazz wanafuata kwa karibu. Bendi hiyo ya chama cha wafanyakazi iliundwa mwaka 1964, na wanamuziki wake walilipwa mishahara, jambo lililoipa utulivu ambao bendi za watu binafsi hazikuwa nao. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba humo hadi 1978, alipokwenda bendi ya Mlimani Park. Kwa upangaji wa vyombo vya kupuliza, hakuna aliyewazidi.

Ya tatu ina mguu kaskazini. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakahamia Arusha kuunda Arusha Jazz, kisha mwaka 1971 wakaenda Mombasa na kuwa Simba Wanyika. Gitaa la ridhimu linalokimbia bila kuchoka ndilo lililokuwa roho ya muziki wao. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitoa na kuanzisha Les Wanyika, waliovuma na "Sina Makosa". Kwamba Kenya ndiyo iliyofaidi matunda ya vijana hawa ni hasara ya Tanzania iliyokosa kiwanda cha santuri.

Afro 70 ya Patrick Balisidya inastahili nafasi ya nne, na kwa ujasiri wa sauti huenda zaidi. Balisidya alipiga gitaa na kinanda kwa ladha iliyokaribia roki, na bendi yake iliiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977. Wenzake katika njia hiyo walikuwa Sunburst, kundi la Dar es Salaam lililochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, na kutoa albamu "Ave Africa" mwaka 1976. Njia yao haikuwa nyepesi: Novemba 1969 serikali ya Mkoa wa Pwani, uliojumuisha Dar es Salaam, ilipiga marufuku muziki wa soul katika madansi, na vijana waliopenda ladha hizo walitazamwa kwa mashaka.

Safari Trippers ya Marijani Rajabu inafunga tano bora kwa sababu ya sauti yake na wimbo "Georgina". Western Jazz, Atomic na Tabora Jazz zinabaki nyuma kidogo, si kwa udhaifu, bali kwa sababu sehemu kubwa ya ubora wao ilikwishaonekana miaka ya 1960.